Nguvu Inayopinda: Chuma Laini na Swali la Kuaminika

Chuma cha kaboni kidogo, ambacho viwandani na katika karakana huitwa pia chuma laini, ni chuma chenye kaboni ya kati ya asilimia 0.05 na 0.25 ya uzito wake. Zaidi ya hapo kina manganizi kidogo, silikoni kidogo, na mabaki ya salfa na fosforasi ambayo wayeyushaji hujitahidi kuyapunguza. Hakuna aina ya chuma inayotengenezwa duniani kwa wingi kama hii. Mbezi Beach, kitongoji cha Manispaa ya Kinondoni kilicho kando ya Barabara ya Bagamoyo, karibu na Bahari ya Hindi, kimejaa chuma hiki: nondo za nguzo na mihimili, mageti, grili za madirisha, mabati, misumari, waya wa kufungia, mitungi ya gesi, bodi za daladala na bajaji.

Kazi zote hizo zinategemea sifa moja kuu: chuma laini hupinda kabla ya kuvunjika. Sifa hiyo inagongana na mazoea ya fikra. Watu wengi huipima nguvu kwa ugumu, wakaamini kwamba mwenye nguvu ni yule asiyepinda. Lakini wahandisi, ambao hukabidhiwa uhai wa watu, huchagua kwa makusudi chuma kinachopinda. Hapo linazaliwa swali la kwanza: nguvu inayostahili kuaminiwa ni ipi? Na kwa kuwa nondo huzikwa ndani ya zege isionekane tena, linafuata la pili: nani anawajibika kwa kisichoonekana, na mbele ya nani? Maswali haya ni ya falsafa na ya dini kabla hayajawa ya uhandisi, na jibu la moja haliwezi kutenganishwa na jibu la jingine.

Ugumu na kiasi

Chuma tupu ni laini mno kwa ujenzi. Atomu zake zimejipanga safu kwa safu, na safu hizo huteleza kirahisi moja juu ya nyingine. Kaboni ikiongezwa, atomu chache hujipenyeza katikati ya zile za chuma na kuuzuia utelezi. Kaboni iliyobaki huungana na chuma kuwa kabidi, dutu ngumu inayopasuka upesi, nayo hujipanga tabaka kwa tabaka pamoja na chuma laini. Kaboni inavyozidi, tabaka ngumu huzidi. Panga huhitaji kaboni ya asilimia 0.5 hivi au zaidi ili makali yakae. Tupa ina asilimia 1 na ushee. Kaboni ikipita asilimia 2, kinachopatikana ni chuma cha kusubu, kigumu na chenye kustahimili mgandamizo, lakini kikipigwa nyundo hupasuka vipande.

Msumari na tupa vinatosha kuonyesha tofauti. Tupa inaukwangua msumari, wala msumari hauwezi kuikwangua tupa. Kwa ugumu, tupa imeshinda. Lakini ikibanwa kwenye jiliwa na kupigwa ubavuni, tupa hukatika mara moja, ilhali msumari unapinda na unaweza kunyooshwa tena. Ugumu ni uwezo wa kukataa kukwaruzwa. Nguvu inayobeba nyumba inahitaji jambo jingine, yaani uwezo wa kupokea pigo na kubaki kitu kizima.

Aristotle, katika maadili yake, aliiweka fadhila katikati ya mapungufu mawili: ushujaa uko kati ya woga na ujasiri wa kipumbavu. Imamu al-Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, aliichukua fikra hiyo ya wastani na kuiingiza katika malezi ya nafsi ya Kiislamu. Wote wawili walifundisha kwamba uovu mara nyingi ni kitu chema kilichozidi au kilichopungua. Kaboni inathibitisha jambo hilo katika maada yenyewe. Bila kaboni, chuma hakibebi mzigo wa maana. Kaboni ikizidi, kinabeba hadi siku ya pigo la ghafla. Nyumba ya watu husimama juu ya kiasi, na kiasi chenyewe kinahesabiwa kwa sehemu za mia.

Kuna jambo la ndani zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanafizikia walikokotoa nguvu ambayo chuma kingekuwa nayo kama safu zote za atomu zingepangika bila dosari, wakakuta hesabu inapita mara nyingi nguvu inayopimwa maabara. Mwaka 1934 Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walieleza sababu. Mpangilio wa atomu una kasoro, na kasoro hizo husafiri. Mtu anayetaka kusogeza jamvi zito la msikitini halivuti lote kwa mara moja. Hulikunja upande mmoja, kisha huusukuma ule mkunjo hadi ufike upande wa pili. Safu za atomu nazo husogea hivyo, mkunjo baada ya mkunjo. Kwa hiyo kile kinachokiwezesha chuma kupinda bila kupasuka ni kasoro zake. Fikra ya kwamba kitu bora ni kile kisicho na dosari yoyote inakutana hapa na mpaka wake: kioo kisicho na mahali pa kusogea ndani yake hakina namna ya kupokea pigo ila kwa kuvunjika.

Kupinda na kuonya

Hesabu ya chuma laini ni rahisi kuifuata. Nondo ya duara ya milimita 12 ina eneo la milimita za mraba 113. Ikiwa chuma chake kinafikia kikomo cha unyumbufu kwenye megapaskali 250, nondo hiyo moja itavutwa kwa mzigo wa karibu tani 2.9 kabla haijabadilika umbo la kudumu. Hadi hapo, kila mita imerefuka kwa milimita 1.25 tu, na mzigo ukiondolewa inarudi urefu wake wa awali. Mzigo ukizidi, hatua mpya inaanza. Nondo inarefuka bila kurudi, lakini haiachii mzigo. Inaendelea kubeba, tena inaongeza uwezo kidogo inavyorefuka. Mpaka ikatike, kila mita inaweza kuwa imerefuka kwa sentimita 20 au zaidi.

Kati ya milimita 1.25 na sentimita 20 ndipo uhai wa watu ulipo. Chuma kikiwa katika eneo hilo, muhimili hubonyea, dari hupata nyufa, plasta hudondoka, milango hukataa kufunga, na mwenye macho hupata muda wa kuwatoa watu nje. Msemo wa Waswahili kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta unachukulia kuwa ufa hutangulia anguko. Katika nyumba ya zege, ufa hutangulia anguko kwa sababu tu kuna chuma laini ndani yake. Zege peke yake likivutwa hukatika bila taarifa.

Kwa sababu hiyo wahandisi hupanga muhimili kwa namna inayoweza kumshangaza asiyekuwa wa fani. Chuma huwekwa kwa kiasi ambacho, mzigo ukipita kipimo, nondo zitaanza kurefuka kabla zege la juu halijapondwa. Mtu anayeongeza nondo ovyo akidhani anazidisha usalama anaweza kuugeuza mpangilio huo. Zege litapondwa kwanza, nondo zikiwa bado zimetulia, na muhimili utaanguka bila kuonya. Nguvu imeongezwa, onyo limeondolewa. Kanuni za uhandisi zinataka muhimili ushindwe kwa namna inayojulikana na kuonekana, maana hakuna muhimili usioweza kushindwa.

Katika kukiri huko kuna unyenyekevu wa kifalsafa. Kanuni za Ulaya za majengo ya zege huigawanya nguvu ya nondo kwa 1.15 na nguvu ya zege kwa 1.5 kabla ya kuitumia katika hesabu. Nondo, iliyotoka kiwandani ikiwa imepimwa, inashukiwa kidogo. Zege, linalochanganywa na mikono ya watu kwenye eneo la ujenzi, linashukiwa zaidi. Imani hapa haijajengwa juu ya kudhani mema peke yake. Imejengwa juu ya kujua kiasi cha udhaifu na kukiachia nafasi.

Hapa inafaa kujibu hoja moja. Huenda mtu akasema kwamba kusifu kupinda ni kusifu ukosefu wa msimamo. Chuma chenyewe kinaijibu hoja hiyo. Chini ya mzigo wa kila siku, chuma laini na chuma kigumu cha panga vina ukakamavu ule ule wa karibu gigapaskali 200: muhimili wa chuma laini haubonyei zaidi ya muhimili wenye umbo hilo hilo uliotengenezwa kwa chuma kigumu. Tofauti huonekana tu siku mzigo unapopita kipimo. Basi upole wa kweli hauonekani kama kuyumba. Mpole husimama imara kama mkali katika mambo ya kawaida, na siku ya shida yeye hupokea pigo pale ambapo mkali hupasuka.

Lakini uvumilivu huo una hesabu. Fundi akitaka kukata waya wa kufungia bila koleo, huukunja na kuukunjua mara kadhaa mpaka unakatika. Kila mkunjo hukifanya chuma kiwe kigumu zaidi na hupunguza akiba yake ya kupinda, na akiba hiyo hairudi isipokuwa chuma kipashwe moto mkali. Nondo iliyokunjwa kimakosa na kunyooshwa tena si sawa na nondo mpya, hata ikionekana imenyooka. Anayemtaka mwenzake avumilie bila kikomo anapaswa kulifikiri hilo.

Matumizi na adui wake wa pwani

Ulaini ndio unaokipa chuma hiki kazi nyingi. Kinavutwa kikiwa baridi kuwa waya na misumari. Kinabanwa kwa magurudumu kuwa bamba jembamba, likapakwa zinki na kukunjwa kuwa bati. Kinachomelewa kirahisi: chuma chenye kaboni nyingi hugeuka kigumu na chenye kupasuka pembeni mwa mshono wa kuchomelea kinapopoa haraka, ilhali chuma laini hakihitaji kupashwa moto kwanza. Ndiyo maana karakana ndogo ya kando ya barabara, yenye mashine ya kuchomelea, grinda na mabomba ya mraba, inaweza kutengeneza geti litakalodumu miaka mingi. Hata nondo za kisasa zenye mbavu, ambazo kikomo chao hufika megapaskali 460 au 500, mara nyingi hubaki ndani ya familia hii. Kaboni yao haipiti mbali na asilimia 0.25, na nguvu ya ziada hutokana na kupozwa haraka kwa ganda la nje huku kiini kikibaki laini.

Ndani ya zege, chuma laini kimepata mwenza. Vyote viwili hutanuka kwa joto kwa kiwango kinachokaribiana, takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo jua la Dar es Salaam halivitenganishi. Zege jipya lina ualkali mkali, na ualkali huo hujenga juu ya nondo utando mwembamba sana unaozuia kutu.

Chumvi ya bahari huuvunja utando huo. Katika eneo kama Mbezi Beach, chumvi huja kwa upepo, na huja pia kwa mchanga iwapo mjenzi atatumia mchanga wa ufukweni usiooshwa. Ikifika kwenye nondo, kutu huanza, nayo hujaza nafasi kubwa mara mbili au zaidi ya ile ya chuma kilicholiwa. Zege husukumwa kutoka ndani, likapasuka kufuata mstari wa nondo, na ufa huo ukafungua njia kwa chumvi nyingine. Kinga yake ni unene wa zege linaloifunika nondo. Ndiyo sababu mafundi huweka chini na pembeni ya nondo vipande vidogo vya zege, maarufu kama biskuti, ili nondo isigusane na mbao za fomu. Kipande hicho cha bei ndogo kinaamua kama nyumba itaishi miaka 15 au 50.

Desturi ya kujenga kidogokidogo inaongeza hatari hiyo. Mwenye nyumba humaliza ghorofa ya chini na kuziacha nondo za nguzo zikichungulia angani zikingoja fedha za ghorofa ya juu. Kutu nyepesi ya juujuu haina madhara makubwa. Lakini nondo zikingoja miaka mingi katika hewa ya bahari huliwa kwa vishimo, na eneo lake hupungua. Ghorofa ya pili itakapojengwa, mzigo utawekwa juu ya chuma ambacho si kile kilichohesabiwa kwenye ramani.

Chuma katika dini na mila

Wahenga wa Afrika Mashariki walifua chuma muda mrefu kabla ya viwanda. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science utafiti wao wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, wakieleza kwamba mafundi wa huko walitengeneza chuma chenye kaboni zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Ufipa, mkoani Rukwa, palijengwa matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Pwani nako, mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, alikitaja chuma cha Malindi na Mombasa miongoni mwa mali za watu wa huko.

Mahali pengi kuyeyusha chuma kulizungukwa na miiko. Wayeyushaji walijitenga na unyumba wakati wa kazi, dawa ziliwekwa chini ya tanuri, na tanuri lenyewe lilichukuliwa kuwa tumbo la uzazi linalohitaji heshima. Msomaji wa leo anaweza kuiona miiko hiyo kuwa mambo ya kale tu. Lakini ndani yake kuna fikra nzito. Kinachotokea ndani ya tanuri hakionekani. Fundi anaona moshi na moto, mpaka udongo uvunjwe. Jamii ilijua kwamba kazi isiyoonekana humtaka mtu mwenye kujizuia, akawekewa sheria zinazomfuata hata pale ambapo hakuna jicho la binadamu.

Qurani ina sura iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma, ambayo ni ya 57. Aya yake ya 25 inataja kuteremshwa kwa Kitabu na mizani ili watu wasimamie uadilifu, kisha inataja chuma chenye nguvu kali na manufaa kwa watu. Mpangilio huo unastahili kufikiriwa. Chuma kimewekwa jirani na mizani, kana kwamba nguvu isiyo na kipimo cha haki haijakamilika. Katika Sura ya Saba, ya 34, inasimuliwa kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia Nabii Daudi chuma, akamwamrisha atengeneze deraya na apime sawasawa pete zake. Neema iliyotajwa hapo ni ulaini, na amri iliyofuata ni kipimo.

Katika Biblia, nabii Isaya, sura ya 2, anaona siku ambayo watu watafua panga zao kuwa majembe. Ono hilo linawezekana kwa sababu chuma kinakubali kufuliwa upya. Ingekuwa panga ni jiwe, amani ingebaki na vipande tu. Kufua upya huko kupo hata leo: Tanzania ina mashapo makubwa ya madini ya chuma Liganga, wilayani Ludewa, lakini nondo nyingi zinazofuliwa nchini bado hutokana na vyuma chakavu vilivyoyeyushwa tena, pamoja na malighafi ya kutoka nje. Ekseli ya lori lililokufa inarudi mjini ikiwa nguzo ya nyumba. Hata hivyo moto hauondoi kila kitu. Shaba iliyochanganyika na chakavu hubaki ndani ya chuma hata baada ya kuyeyushwa, na tanuri la umeme lisilo na hatua ya kusafisha huacha fosforasi na salfa vilevile. Vitu hivyo vikizidi, chuma kinapoteza ule uwezo wake wa kupinda. Dini zote mbili zinafundisha kwamba toba ya kweli inataka mtu achambue alichonacho kabla ya kuanza upya. Wayeyushaji nao wanajua kwamba usafi wa nondo huanzia kwenye uchambuzi wa chakavu kabla ya moto kuwashwa.

Kilichofichwa ndani ya zege

Siku zege linapomiminwa, nondo hutoweka machoni. Kuanzia hapo mkaazi wa nyumba analala juu ya ahadi. Hajui idadi ya nondo, unene wake, wala kama ringi, zile pete za chuma zinazozizunguka nondo, zimefungwa kwa nafasi iliyochorwa. Hana hata nafasi ya kuuliza, maana kujua kwa hakika kungemlazimu kuvunja. Uhusiano wa namna hii, ambapo mmoja ameshika usalama wa mwingine asiyeweza kumkagua, ndio ambao maadili ya Kiislamu huuita amana.

Udanganyifu katika amana hii ni rahisi, na hesabu yake ni kali. Nondo inayouzwa kama ya milimita 12 huku kipenyo chake ni milimita 11 imepungua milimita moja tu, tofauti ambayo jicho halioni. Lakini nguvu hufuata mraba wa kipenyo. Eneo limepungua kwa asilimia 16, na ule uwezo wa tani 2.9 umeshuka hadi tani 2.4. Muuzaji ameuza nondo sita na kuiiba karibu moja, na aliyeibiwa atalala chini ya dari hiyo bila kujua.

Sura ya Al-Mutaffifin, ya 83, inaanza kwa onyo kwa wapunjao vipimo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Maandiko hayo yalikuja wakati punje za nafaka ndizo zilizopimwa sokoni. Aliyepunjwa alikosa kibaba. Katika nondo, kupunja kumepata uzito mpya, kwa kuwa kilichopunguzwa ni muda wa watu kukimbia.

Nchi imeweka walinzi wa kipimo. Shirika la Viwango Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975 na hutunga viwango vya bidhaa, nondo zikiwemo. Wakala wa Vipimo hushughulikia mizani na vipimo vya biashara. Bodi ya Usajili wa Wahandisi huandikisha wenye dhamana ya kusaini. Tena chuma laini chenyewe hakimfichi sana mwenye nia ya kujua. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7, kwa hiyo mizani ya kawaida inaweza kuifichua iliyopungua. Nondo mbaya hupasuka kwenye kona mkunja nondo anapotengeneza ringi. Kila ringi iliyokunjwa bila ufa ni jaribio dogo lililofaulu. Haya yote lazima yafanyike kabla ya zege. Baada ya hapo kinachobaki ni dhamiri za watu waliokuwepo.

Kudra na wajibu

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la biashara liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Anguko la jengo huwa na sababu nyingi zinazokutana: udongo, msingi, zege, usanifu, uchimbaji wa jirani, ghorofa zilizoongezwa. Haifai kulitwisha chuma peke yake. Lakini kila anguko la aina hiyo huibua neno lile lile midomoni mwa waombolezaji, kwamba ni kudra ya Mungu.

Neno hilo lina haki yake. Linamfariji aliyefiwa na linakubali kwamba uhai hauko mikononi mwa binadamu. Tatizo huanza linapohamishwa kutoka kwa aliyefiwa na kutumiwa na aliyejenga. Mafundisho ya dini hayamruhusu kufanya hivyo. Hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na at-Tirmidhi, juu ya mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, inaweka kufunga kwanza na kutegemea baadaye. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamtaka ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, la sivyo damu ya atakayeanguka itakuwa juu ya nyumba yake. Sheria hiyo haimuulizi mjenzi kama alikusudia kuua. Inamuuliza kama aliweka ukingo.

Injili ya Luka, sura ya 13, inataja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Yesu anaikataa fikra kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha anawageukia walio hai na kuwataka watubu. Fundisho hilo linafunga mlango wa kuwachunguza marehemu na kufungua mlango wa kujichunguza waliobaki. Katika ujenzi, kujichunguza huko kuna sura ya vitendo: kukagua nondo kabla ya zege, kuusikiliza ufa badala ya kuupaka rangi, na kumwondoa mpangaji kabla ya kuhesabu kodi itakayopotea. Chuma kilichowekwa kwa haki hutoa onyo, lakini hakina uwezo wa kumlazimisha mtu alisikie.

Hivyo maswali mawili ya mwanzo yanajibiwa pamoja. Nguvu inayostahili kuaminiwa ni ile ambayo udhaifu wake unajulikana, inayobaki imara chini ya mzigo wa kawaida, na ambayo siku ya kushindwa hushindwa polepole na hadharani ili wengine waokoke. Chuma laini kina tabia hiyo kwa asili, mradi kaboni yake iwe ya kiasi, uchafu wake uwe umepunguzwa, kipenyo chake kiwe kamili na zege linalokifunika liwe la kutosha. Kila moja ya masharti hayo limo mikononi mwa mtu fulani: myeyushaji, muuzaji, mkunja nondo, mhandisi, mkaguzi, mwenye nyumba. Kila mmoja wao anaweza kuliondoa onyo bila wakazi kujua, kwa hiyo kila mmoja anawajibika kwao sawasawa na kama wangekuwa wamesimama pale wakimtazama. Kwa Mwislamu na kwa Mkristo, na kwa mrithi wa wahenga waliojitenga na unyumba mbele ya tanuri, hakuna kazi ya siri: iliyofunikwa na zege imeonekana tayari na yule ambaye hesabu ya mwisho itatolewa kwake.